Mjomba wa VPN

Wasomaji mliokuwa nami wiki iliyopita mliniacha mahali pabaya: nimesimama mbele ya wifi yangu Veridiana, simu iko mkononi, na simu hiyo inatangaza shela.

Kwa ambao hawakuwapo, nieleze kwa kifupi. Mimi ni Mama Witness wa Chiwata, mjane, Mwanglikana, mwimbaji wa sauti ya pili. Kwa sehemu kubwa ya maisha yangu sikujua kusoma. Kila ujumbe ulioingia kwenye simu yangu ulisomwa na Veridiana, dada wa marehemu mume wangu, mwanamke mwenye macho mazuri na mdomo mzuri zaidi. Mimi alinisomea kwa sauti. Majirani aliwasomea kwa kumbukumbu.

Ndipo nikajiunga na darasa la watu wazima. Wenzangu walitaka kusoma Biblia, wengine walitaka kusoma mizani wakati wa kuuza korosho. Mimi nilitaka kitu kimoja tu: niwe na siri.

Nikafuzu. Siri nayo ikaja upesi, kana kwamba ilikuwa imekaa mlangoni ikinisubiri nimalize silabi. Inaitwa Mujibu. Ni mgane, fundi cherehani wa Newala, Mwislamu, mtu wa maneno machache yaliyonyooka kama mshono wake. Aliniandikia kwamba anataka kunioa.

Kabla sijamjibu, niliuliza mtandao: mjane wa umri wangu akiolewa huvaa nini? Tangu hapo simu ikawa inanitandazia shela kila nikiifungua.

"Wifi," Veridiana aliniuliza, "hii simu inamwoza nani?"

"Inamwoza Witness," nikajibu.

Sikusema uongo. Binti yangu Witness alikuwa anangoja posa yake, na wazee wa mchumba kutoka Chidya walikuwa wameshatuma salamu kwamba wanakuja. Na hapo ndipo penye mwiba.

Kwetu binti haozwi na baba wala mama. Anaozwa na mjomba. Mjomba wa Witness ni kaka yangu Chrispin, ambaye ndiye pia mwenye neno juu yangu mimi. Kaka Chrispin ana kanuni moja: habari ya ukoo aisikie kwanza kwa mwenyewe. Akiisikia kwa mtu wa pembeni, anavaa kofia yake na kuondoka. Aliwahi kuondoka kwenye posa ya mpwa wetu mwingine wakati wali umeshapakuliwa, kwa sababu jina la mchumba alikuwa amelisikia kwa muuza chumvi. Mpwa yule hajaolewa hadi leo.

Basi mpango wangu ulikuwa huu. Witness aposwe kwanza. Kisha nimwendee kaka, nipige magoti, nimweleze habari ya Mujibu kwa kinywa changu. Katikati hapo siri isivuje hata tone. Ikivuja, atakayelipa ni mwanangu.

Nikamwendea Mwalimu Flora, anayetufundisha.

"Shikamoo, Mama Witness."

"Marahaba, mwalimu. Simu inanisema."

"Inakusema kwa nani?"

"Kwa wifi."

Hakucheka. Ndiyo maana nampenda. Alivuta kiti, akanieleza jambo ambalo naliandika hapa kama alivyolisema, ili nanyi mlipate safi kabla sijalichafua.

"Sasa hivi ukiingia mtandaoni unapita barabarani mchana kweupe. Wenye njia wanaona unaingia nyumba ya nani. VPN ni handaki. Ukipita humo, wa barabarani hawakuoni."

"Nichimbie leo hii."

"Ngoja. Mwenye handaki anakuona."

Nikasogeza kiti changu karibu.

"Wengi hukosea hapo," akasema. "Wanauliza handaki lina kasi gani. Cha kuuliza ni mwenyewe nani. Anajulikana? Anaandika majina ya wanaopita? Kuna mkaguzi wa nje aliyeingia akatazama, au anajisifu mwenyewe? Na kama ni bure, mwenyewe anakula nini?"

"Na hizi shela?"

"VPN peke yake haizifukuzi. Wala haikulindi na simu uliyoiacha mezani. Wala na mdomo. Ukiipata iliyo nzuri, tuulizie pia utaratibu wa kuiandikisha, tusije tukajificha mpaka kwa serikali."

Maneno yale niliyapokea kwa unyofu wote. Niliyabeba hadi nyumbani kama mtungi wa maji, sikumwaga tone. Kisha nikayapikia chakula kibaya kabisa.

Veridiana alikuwa wa kwanza kujitolea. Nilimwambia nataka kulinda mambo ya kikundi cha akina mama, naye akaja na simu yake mbio.

"Mimi ninayo, wifi, tena ya bure! Tazama nyota hizi. Watu milioni wameisifu."

"Mjomba wake nani?"

"Mjomba wa nani?"

"Wa hiyo VPN."

"Wifi, VPN ina mjomba?"

"Kila anayeomba kuingia nyumbani mwangu ana mjomba. Asiye naye ni mhuni. Hao watu milioni walioisifu, kuna hata mmoja aliyesema mwenyewe anakaa wapi?"

Veridiana akapekua. Alipekua hadi jasho likamtoka puani. Mwishowe akapata picha ya simba aliyevaa miwani.

"Simba huyu," nikamuuliza, "ndiye atakayekuja siku ya kesi?"

Akafunga simu kwa hasira. Lakini hakuifuta VPN ile, maana ilikuwa ya bure.

Mwalimu Flora naye alinitafutia ya kulipia, ya kampuni moja ya ng'ambo. Wenyewe wana majina na nyuso. Wamekaguliwa na watu wasio ndugu zao, na taarifa ya ukaguzi ipo wazi, kila mtu aisome. Mwalimu alinitafsiria sehemu kubwa, nami nikafuata kwa kidole.

"Basi huyu mkaguzi ndiye mjomba," akasema, akidhani amenimaliza.

"Anakaa wapi?"

"Uswisi."

"Siku wakiniharibia, nitafika kwake kwa miguu?"

"Mama Witness, hakuna haja ya kufika. Ndiyo maana ya kukaguliwa."

"Mwalimu, mjomba usiyeweza kumfikia na kuku mkononi si mjomba. Ni jina."

Mwalimu Flora alinitazama kwa muda mrefu. Nilidhani nimemshinda kwa hoja. Sasa naelewa kwamba alikuwa ananihurumia.

VPN yenye mjomba niliipata Masasi mjini, kwenye kibanda cha fundi simu aitwaye Optatus. Huyu ni mwanamume wa Newala, mwenye kitambi kilichomwahi kabla ya mvi. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu enzi za bibi zetu. Mtani kwetu anaweza kukunyang'anya sahani, anaweza kulia msibani kwako kwa sauti ya mbuzi, anaweza kumwambia mchungaji kwamba unakoroma kanisani. Na wewe huruhusiwi kununa. Anayemnunia mtani ndiye mwenye kosa.

"Shikamoo, Mama Witness! Umekuja kuniposa?"

"Marahaba. Nikuchukue, tumbo hilo nilipangishie wapi?"

"Tumbo lina nyumba yake, mama. Wewe nichukue mimi tu."

"Optatus, nataka VPN. Umeshika biashara hiyo?"

"Nimeishika yenyewe. Nawafungia watu kila siku. Handaki langu mwenyewe."

"Mjomba wako nani?"

Hapo aliacha kucheka. Swali hilo kwetu halichekewi.

"Mzee Petro. Wa Newala."

Moyo wangu ukatulia. Mzee Petro ni mzee wa kanisa. Mizani ya korosho ikigombaniwa, ndiye anayeitwa asimame pembeni, na watu wanaona haya kugombana mbele yake. Mwalimu alisema nitafute mwenyewe anayejulikana: huyu anajulikana toka Newala hadi Lukuledi. Alisema nitafute mkaguzi: nani amkague mtu kumpita mjomba wake?

Nikafunga kuku, nikapanda Newala.

Mzee Petro alinipokea kwa heshima. Alinipa maji ya kunawa, beseni zima, na Newala maji ni ya shida; mwenyeji akikumwagia kiasi hicho ujue amekuthamini.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mama. Karibu. Umekuja na nani?"

"Peke yangu. Nimekuja kwa ajili ya mpwa wako."

Mzee akakaa sawa. Fimbo aliyokuwa ameilaza akaisimamisha.

"Mpwa wangu yupi?"

"Optatus."

Akashusha pumzi. Wakati ule sikujiuliza kwa nini.

"Amefanya nini?"

"Bado hajafanya. Anataka kuingia kwenye simu yangu."

Nilimweleza habari ya handaki. Alisikiliza kwa makini, akitikisa kichwa pale panapostahili. Nilipomaliza, yeye naye akaanza kuniuliza. Nyumbani tunakaa wangapi? Marehemu aliniachia ugomvi na mtu yeyote? Nasali kila Jumapili, au zile za sikukuu tu? Nina subira na wagonjwa? Ming'oko, ile mizizi yetu ya porini, naichemsha kwa chumvi au bila chumvi?

Nilijibu yote, hata ya ming'oko. Nilidhani ni ukarimu wa mwenyeji.

"Sawa," akasema mwishowe. "Optatus ni mtoto wa dada yangu. Akiharibu, nijieni mimi."

Nilishuka Newala nikiimba sauti ya kwanza, ambayo si yangu.

Siku ya kuiweka, Optatus alifanya kazi kwa madaha kama daktari. Programu ilipoingia tu, ikaanza kupiga hodi. Inaomba kuona majina ya watu wangu. Nikabonyeza *Ruhusu*. Inaomba kuona picha. *Ruhusu*. Inaomba kipaza sauti. Nilisita kidogo, kisha nikakumbuka nilikula nyumbani kwa mjomba wake. *Ruhusu*. Mgeni mwenye mjomba hazuiwi mlangoni.

"Sasa tuiunganishe," akasema. "Nipe simu kidogo."

Akaielekeza kwenye simu yake ya pili, iliyokuwa inaonyesha mraba wenye madoa meusi mfano wa kanga iliyonyeshewa. Simu yangu ikalia kidogo. Ikanyamaza. Juu ya kioo kikatokea kialama cha ufunguo.

"Tayari, Mama Witness. Sasa hata shetani hakuoni."

"Na wewe je?"

"Mimi mtani wako."

"Hujajibu swali."

"Mjomba wangu alishanijibia."

Ilikuwa kweli. Nikafunga mkoba, nikarudi Chiwata.

Jioni ya kuamkia posa, ufunguo ukiwa unang'aa pale juu, nikamwandikia Mujibu. Niliandika, nikafuta, nikaandika tena, mpaka ujumbe ukakaa hivi:

*Ndugu Mujibu, jibu langu ni ndiyo. Nakuomba usubiri nimwone kaka yangu kesho, baada ya posa. Usinikimbize. Mbaazi kavu haziivi kwa haraka, lakini zikiiva sahani haibaki na kitu.*

Nikautuma. Nikailaza simu chini ya mto na kwenda kuchambua mchele. Ulikuwa ujumbe wa kwanza wa maisha yangu ambao haukupita kwenye macho wala kinywa cha mtu mwingine. Ndivyo nilivyoamini.

Asubuhi wazee wa Chidya walikuja wamevaa makoti. Kaka Chrispin alikaa kwenye kiti chenye mikono, kofia yake ameiweka gotini. Kila aliyemjua alikuwa anaitazama ile kofia kuliko anavyomtazama yeye. Witness alikuwa chumbani na wenzake. Mwalimu Flora alikuja. Na mimi mwenyewe, kwa shukrani, nilikuwa nimemwalika Mzee Petro. Alikuja na Optatus, maana shughuli isiyo na mtani haina chumvi.

Mambo yalikwenda vizuri kiasi cha kutia shaka. Wazee walijieleza. Kaka akauliza, wakajibu. Akauliza tena, wakajibu kwa unyenyekevu zaidi. Alikuwa amebakiza neno moja tu, lile la kukubali, na kwa desturi analisema baada ya kula.

Veridiana akaingia na chungu cha mbaazi.

Optatus akaruka, akamnyang'anya.

"Mzee Chrispin!" akapaza sauti. "Mbaazi hizi msiziguse! Mbaazi kavu haziivi kwa haraka! Lakini zikiiva, jamani, sahani haibaki na kitu!"

Watu wakacheka.

"Wa kuziloweka ni fundi! Muulizeni Mama Witness, fundi anamjua!"

Wakacheka zaidi. Wazee wa Chidya walishika mbavu. Kaka Chrispin alicheka mpaka akavua miwani. Mimi nilisimama na sinia la wali, na wali ukawa mzito kama mawe ya mafiga.

Nilimfuata Optatus pembeni ya ukuta.

"Maneno yale umeyatoa wapi?"

"Mtani haulizwi, mama."

"Umeyasoma."

"Cheka, Mama Witness. Ukinuna mbele za watu, watauliza kwa nini unanuna."

Nikacheka. Wasomaji wangu, kicheko kile ndicho kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya, na nimelima.

Kisha nikakimbilia jikoni. Mwalimu Flora akanifuata bila kuitwa. Nilimpa simu, nikamwambia ujumbe wangu umesomwa. Akaingia mahali ambapo mimi sijawahi kuingia, akasoma, akainua uso.

"Mama Witness, una simu mbili?"

"Hata hii moja inanishinda."

"Hapa kwenye meseji zako pameandikwa *Vifaa vilivyounganishwa*. Kuna simu nyingine imeunganishwa. Kila unachoandika na unachoandikiwa kinatokea huko pia, na mwenye simu hiyo anaweza hata kukuandikia au kukufutia."

"Lakini ufunguo unawaka!"

"Ufunguo unawaka kweli. Handaki ni zima. Ila mwenye handaki amekaa ndani ya nyumba yako, anakula na wewe sahani moja."

"Mjomba wake alisema…"

"Mjomba wake anamjua Optatus, Mama Witness. Hajui alichokifanya Optatus kwenye simu yako. Hivyo ni vitu viwili."

"Mwondoe."

"Mwondoe wewe. Bonyeza hapa."

Nikanyoosha kidole. Kabla hakijafika, Veridiana akachungulia.

"Wifi, unaitwa na kaka yako. Hacheki tena."

Nilitoka na simu mkononi. Barazani mbaazi zilikuwa katikati ya mkeka, hakuna aliyezigusa. Kaka Chrispin alikuwa amevaa miwani yake.

"Dada. Fundi gani?"

"Utani tu, Mzee," Optatus akadakia.

"Sikukuuliza wewe. Utani nimekua nao. Utani hutukana tumbo, hutukana pua, hutukana kukoroma. Hautaji fundi. Dada, fundi gani?"

Kabla sijajibu, fimbo ikagonga sakafu. Mzee Petro alikuwa amesimama.

"Chrispin, nilimwahidi mama huyu kwamba mpwa wangu akiharibu nijiwe mimi. Ameharibu. Nimesimama mwenyewe, msihangaike kunijia." Akamgeukia Optatus. "Nilikutuma kutazama. Sikukutuma kuimba."

"Kutazama nini?" kaka akauliza.

"Mama huyu alikuja kwangu kumchunguza mpwa wangu mmoja. Hakujua kwamba nami nilikuwa natafuta njia ya kumchunguza yeye, kwa ajili ya mpwa wangu mwingine. Mujibu, fundi cherehani, mtoto wa dada yangu mkubwa aliyeolewa na Mwislamu. Mjomba haachi mpwa wake aoe gizani. Alipoondoka tu nikamwambia Optatus: simu ya mama huyo inakuja kwako, itazame."

Mtu mmoja wa Chidya akasema, "Loo!" kisha akajifunika mdomo.

Mimi nilikwenda Newala na kuku kumkagua mwenye handaki. Kumbe nilikuwa nimepanda mlima kwenda kukaguliwa, na kuku nikalipia mwenyewe. Na ile chumvi ya ming'oko nilimweleza kwa hiari yangu.

"Basi tumetazama," Mzee Petro akaendelea, "na neno letu sisi upande wa mwanamume ni…"

"Subiri," Kaka Chrispin akamkata.

Akaishika kofia.

Nyuma ya pazia la chumbani niliona vidole vya Witness vimeshika kitambaa. Alikuwa anajua maana ya kofia kama ninavyoijua mimi.

"Dada, hii ni habari ya ukoo?"

"Ni ya ukoo, kaka."

"Nimeisikia kwa mtani kabla ya kuisikia kwako?"

Nikapiga magoti pale pale, juu ya punje za wali.

"Kaka, bado hujaisikia. Kwa mtani umesikia mbaazi. Kwa Mzee umesikia habari ya mpwa wake. Habari yangu mimi ninayo mwenyewe, haijatoka. Nilikuwa nakuletea leo, wageni wakishaondoka. Kama naongopa, vaa kofia."

Veridiana alikuwa ameacha kutafuna. Kisha kaka akairudisha kofia gotini, lakini hakuiachia.

"Umejifunza kusoma?"

"Nimejifunza."

"Basi nisomee. Alivyokuandikia, na ulivyomjibu. Neno kwa neno, kwa kinywa chako, mbele ya watu hawa. Nikiisikia kwako, nimeisikia kwako. Halafu nitasema neno la Witness."

Veridiana akajitokeza. "Shemeji, nije nimsaidie?"

"Kaa chini, shemeji."

Jamani! Miaka yote ile nilisomewa na wengine, na leo nimepewa nafasi ya kumwokoa mwanangu kwa kusoma tu. Aibu ya mbaazi nilikuwa tayari kuila yote. Nikasimama, nikaifungua simu. Tangu niutume ujumbe ule sikuwa nimeutazama tena. Asubuhi nzima nilikuwa motoni.

Nikausoma wa Mujibu, taratibu, herufi zikinitii. Alivyoomba kunioa. Alivyosema atanishonea gauni kwa mkono wake. Mwanamke mmoja wa Chidya akafuta jicho. Kaka Chrispin akatikisa kichwa mara moja, kwa kuridhika.

"Vizuri. Sasa jibu lako."

Nikashusha kidole.

Mahali pa ujumbe wangu, pale pa ndiyo yangu na mbaazi zangu, palikuwa na maneno matatu: *Ulifuta ujumbe huu.*

Mimi sikufuta kitu.

Chini yake Mujibu alikuwa ameandika, asubuhi ile ile: *Nimeona umefuta jibu lako. Nimeelewa, Mama Witness. Nisamehe kwa usumbufu.*

Niliinua macho. Optatus alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Mzee Petro alikuwa amekaa, amechukua korosho sahanini, anaimenya ganda taratibu kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote.

"Ulimjibu nini, dada?"

Kofia ikapanda kidogo kutoka gotini.

"Soma kilichoandikwa."

Nilijifunza kusoma ili mtu mwingine asinisomee. Nikafungua kinywa.